Kamba ya Ng'ombe Asiyekuwepo

Kijiji cha Kok-Tektir,
Wilaya ya At-Bashy,
Naryn.

Tarehe 23 Januari 2014

Mpendwa mdogo wangu Uulkan,

Salamu nyingi zikufikie huko Omsk kutoka kwa mwanamume mwenye miguu imara kuliko wote katika bonde hili. Kila siku natembea kilomita kumi juu ya barafu, na tangu theluji ianze kuanguka sijateleza hata mara moja. Vijana wakiniona wananipisha njia.

Hujambo lakini? Mkono unaendeleaje, ule uliovunjika? Usingizi unapata? Presha je, bado inapanda kila mkweo anapofungua mdomo? Sisi huku tu wazima. Mke wangu Kalbubu hajambo, ila magoti yake yanalia kama mlango wa banda. Kondoo wazima. Nyasi kavu zitatufikisha mwezi wa tatu, kama farasi wa jirani ataacha kuja kuonja.

Sasa bora niseme mwenyewe kabla Kalbubu hajaisoma barua hii, maana husoma kila ninachoandika na hucheka mahali pasipochekesha. Hizo kilomita kumi ni uongo. Ni kutoka langoni kwangu hadi darajani na kurudi. Mhudumu wa zahanati aliipima njia hiyo kwa gari lake akasema ni kilomita moja na nusu, tena alivyosema ni kama aliniongezea kwa huruma. Na kuteleza nimeteleza mara nne. Mara ya kwanza nilianguka mbele ya duka, wanawake sita wakinitazama. Mmoja akauliza kama nimeokota kitu.

Nimeanza na uongo kwa sababu ukweli wenyewe unanipa tabu kuuandika. Mwanao Nurjamal alinipigia simu mwezi wa kumi na moja. Alikuwa analia. Akaniambia, "Mjomba, tangu mama aanguke pale mlangoni mwezi wa tatu hajatoka nje, ila tukimpeleka kwa daktari. Mfupa ulishapona zamani. Daktari anasema miguu haina ugonjwa, inakonda kwa kukaa tu. Asipotembea, mwakani hatasimama. Anatoka kitandani anaenda dirishani, basi. Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Nikamwahidi nitakuandikia. Simu niliikataa, kwa kuwa kwenye simu unanikatiza nikiwa katika neno la pili. Barua huwezi kuikatiza. Labda uichane, na wewe ni bahili hata wa karatasi.

Basi nikakaa mezani, nikaandika, "Uulkan, toka nje utembee." Kalbubu akapita nyuma yangu na birika.

"Na wewe mara ya mwisho kutembea ilikuwa lini?" akasema. "Kwenda chooni tu unataka kutandikiwa farasi."

Nikaichana ile karatasi. Nikaona heri nitembee kwanza, ndipo nikuandikie. Hiyo ndiyo sababu barua imechelewa miezi miwili. Usiwaambie watu kwamba nilikusahau.

Siku ya kwanza nilivaa kama mtu anayekwenda mahali. Nilivaa koti langu refu la ngozi ya kondoo, lile la sherehe na mazishi, na kofia ya mbweha. Nikafunga mikono nyuma kama alivyokuwa akitembea marehemu baba, nikatoka polepole kwa heshima zote. Uulkan, barafu haina heshima kwa mtu aliyefunga mikono nyuma. Ukiteleza, miguu inakwenda mbele na mikono bado iko mgongoni inakusubiri. Wazee wote wa bonde hili wanatembea hivyo, na wote wana makovu kwenye paji la uso ambayo wanasema walipigwa na farasi. Mimi pia nitasema ni farasi.

Baada ya anguko hilo la dukani nilikaa ndani siku mbili. Nilimwambia Kalbubu kwamba nje ni baridi mno. Nje hakukuwa baridi. Jua lilikuwa limewaka na paa zilikuwa zinachuruzika. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia naitazama njia ambayo nimeipita miaka sabini na nne, nami naiona kama mdomo wa mbwa. Kwa hiyo hilo la kuogopa sikucheki. Mengine yote nakucheka, ila hilo hapana.

Siku ya tatu Kalbubu alinifukuza na ufagio, nikatoka. Hapo likaanza balaa la mkate. Unakumbuka kwetu, mtu hawezi kupita mlango ambao mkate umeshawekwa mezani asiingie kuumega. Kutoka kwangu hadi darajani kuna nyumba tisa. "Mzee Asankojo, ingia umege mkate!" Naingia, namega, napakiwa siagi, napakiwa malai ya maziwa, namiminiwa chai. Natoka, hatua arobaini, "Mzee, na sisi je, hututaki?" Matembezi ya kilomita moja na nusu yalinichukua saa tano. Nilirudi mzito kuliko nilivyotoka. Yule mhudumu wa zahanati alinipima mwisho wa wiki akaniuliza, "Mzee, unatembea au unakagua siagi za watu?"

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi, kwa ujinga wangu wa darasa la sita, sikulitambua. Kila nyumba niliyoingia, kwanza walikuwa wananyamaza. Wanalitazama koti. Wanaitazama mikono iliyofungwa nyuma, maana nilikuwa nimeirudisha huko, mazoea mabaya. Kisha wananiuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna habari gani?" Mimi najibu, "Hakuna habari, natembea tu." Na wao wanatazamana.

Wewe ulishaelewa, najua. Umekaa Omsk miaka kumi na minane lakini umeelewa kabla yangu. Kwetu mzee akitoka asubuhi na koti la heshima, hachungi mnyama, hana mzigo, anatembea polepole na kusimama kwenye malango ya watu, amebeba neno moja tu. Ametumwa kumwambia mtu kwamba amefiwa. Mimi mwenyewe nimetumwa hivyo mara tatu katika maisha yangu, na koti ni hilohilo.

Unamkumbuka Zuurakan, aliyecheza harusini kwako hadi sketi ikachanika? Sasa ni mjane. Mwanawe wa pekee, Maksat, anajenga maghorofa huko Yakutsk. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa hajapiga simu wiki tatu. Mimi sikuwa na habari hiyo. Nilifika langoni kwake, pumzi ikaniishia, nikashika nguzo. Kichwa kilikuwa kimetoka jasho, nikavua kofia. Kofia mkononi, Uulkan, kichwa kimeinama, mbele ya lango la mama ambaye mtoto wake yuko mbali!

Alitoka na soksi tu kwenye theluji, mikono imejaa unga wa mkate. Hakuniuliza kitu. Alinitazama mara moja, akakaa chini pale kizingitini, akaanza kumlilia mwanawe kwa maneno yale ya wanawake wetu, "Punda wangu mdogo, mwana-farasi wangu, nani atafunga lango langu sasa." Majirani wakatoka, na kabla ya kuuliza aliyekufa ni nani wakaanza kulia pamoja naye. Mmoja alikuwa ameshashika mabega yangu ananipa pole mimi!

"Hakufa mtu!" nikapiga kelele. "Natembea kwa ajili ya afya!"

Jaribu siku moja kusema neno "afya" katikati ya msiba, uone kama kuna atakayekusikia. Nilisema mara tatu ndipo Zuurakan akanyamaza.

"Unasemaje?"

"Natembea. Kwa ajili ya afya. Daktari wa Omsk amemwambia dada yangu atembee."

"Dada yako yuko Omsk," akasema, "na wewe unatembea huku?"

Akainuka, akachukua ufagio wa uani, akanipiga nao mgongoni mara tatu mbele ya watu wote. Sikukwepa. Yalikuwa halali yangu yale. Kisha akaangusha ufagio, akalia upya, na safari hii kilio hakikuwa na maneno.

Niliingia ndani nikakaa naye mpaka chai ikapoa. Akaniambia, "Mzee, wiki tatu sijavuka lango hili. Naogopa nikitoka tu, habari itakuja nisiwepo." Meza yake ameisogeza dirishani, na kigodoro cha kukalia amekiweka hapo, kimeshabonyea. Nilipokiona kile kigodoro nilikuona wewe. Nilimega mkate nikaondoka.

Nilimwambia Kalbubu kwamba nimeacha kutembea, nitaua watu kwa hofu. Akafikiri muda wa kukatakata kitunguu kimoja. "Vaa lile koti la zizini," akasema, "na ushike kamba."

Yule mwanamke angezaliwa mwanamume angekuwa jemadari. Mtu mwenye koti chafu na kamba begani amepotelewa na ng'ombe. Hakuna anayemlilia, wala hakuna anayemwita ndani kumega mkate, maana ana haraka. Anaulizwa tu, "Umempata?" Anajibu, "Bado," anapita. Kamba moja ilimaliza matatizo mawili, na mikono yangu ikapata kazi ya kufanya mbele badala ya kulala mgongoni.

Ila watu wa huku hawaridhiki na "bado". "Yukoje, mzee?" Nikalazimika kumtengeneza. Ni wa kahawia, nikasema, ana doa jeupe kwenye paji na pembe moja imepinda. Kila nyumba nilimwongezea kitu. Mwisho nilianza kumpenda.

Siku iliyofuata Zuurakan alikuwa amesimama langoni kwake, amejifunga shali mbili. "We mzee mwongo," akasema, "huna ng'ombe wa kahawia. Wako wote ni weusi." Nikamwambia anyamaze, twende akanisaidie kumtafuta. Akasita. Akatazama dirisha lake, akaitazama njia. Kisha akaitia simu ndani ya soksi ya sufu, akaiweka kifuani ili baridi isiizime, akashika ncha ya kamba yangu. Hatua ya kwanza aliipiga kama anakanyaga mayai. Mpaka darajani mimi, usishangae, sikumtania hata kidogo.

Pale darajani milima inafunguka, na kule mtandao wa simu unashika kuliko nyumbani kwake. Ile soksi ikaanza kulia. Simu kumi na moja za Maksat za wiki tatu nzima zilikuwa zimejaribu kuingia. Akanikabidhi simu, nikambonyezea namba mimi. Na mwanawe alichokuwa anataka ni nini? Soksi! Ametoboa zote, anaomba atumiwe soksi. Zuurakan akamtukana matusi ambayo sitayaandika kwa sababu Nurjamal anaweza kukusomea barua hii, kisha akakaa palepale kwenye theluji akicheka. Nikamwambia asimame, utashikwa na mgongo mama, halafu nitaambiwa ni mimi.

Tangu siku hiyo hajakosa kutembea. Lakini ngoja kwanza nikumalizie habari za ng'ombe.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nakunywa supu, nikasikia mtu langoni. Alikuwa Sopubek, mchungaji wa kijiji cha ng'ambo ya mto, masharubu yamegeuka barafu. Nyuma yake kuna ng'ombe wa kahawia, doa jeupe kwenye paji, pembe moja imepinda.

"Mzee," akasema akihema, "nimempata ng'ombe wako. Alikuwa peke yake kwenye matete. Nimemtembeza kilomita kumi na mbili."

Kalbubu aliingia ndani upesi ili acheke vizuri. Mimi nilimtazama yule ng'ombe, na naapa, naye alinitazama kama ananijua. Dakika moja nilishawishika. Kisha nikamwambia Sopubek kila kitu, kuanzia daktari wako wa Omsk hadi kamba. Barafu ikawa inamdondoka kwenye masharubu.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyetembea kwa afya ni mimi, siyo wewe."

Tulimpa supu bakuli tatu. Ng'ombe tulikuja kujua ni wa mkwe wa Sopubek mwenyewe, alikuwa amekata kamba asubuhi hiyo. Sasa bonde zima lina habari, na nikipita watoto wanauliza kama ng'ombe wangu kazaa. Faida yake ni kwamba hakuna tena anayeogopa kuniona langoni, hata nikivaa koti la mazishi. Tunatembea wazee watano kila siku, na Zuurakan anaongoza kwa sababu ana kelele.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, na usigeuze karatasi. Nilichojifunza nimekilipia kwa makalio yangu mwenyewe. Usitoke asubuhi mapema wala jioni, toka saa sita mchana, jua likiwa njiani na barafu unaiona. Kandamiza unyayo wote kwa pamoja, hatua fupi, kama bata bukini aliyeshiba, na magoti uyalegeze. Mtu akikucheka, mwache, kesho atakuwa chini. Mikono nje ya mifuko, nje kabisa. Fimbo yako mpe mkweo apigilie msumari kwenye ncha, apate kazi ya maana. Zile buti zako nzuri za soli laini ziache mlangoni. Mimi buti zangu za sufu nimezivalisha raba za meno makubwa, na mfukoni nina kifuko cha majivu ya jiko. Nikifika mahali panapong'aa, namwaga kidogo mbele, napita kama mfalme. Nyinyi huko mna majiko ya umeme, basi chukua mchanga anaowekewa paka wa jirani ajisaidie, ule msafi.

Usijivike makoti manne ukashindwa kugeuza shingo. Vaa nyembamba tatu, na ukianza kutoka jasho fungua kifungo kimoja. Shali iwe nyekundu, wenye magari wakuone. Mwambie Nurjamal umekwenda wapi na utarudi saa ngapi, hata kama ni hapo chini tu. Baridi ikizidi kabisa, tembea ndani, kwenye ngazi, ukishika chuma. Kifua kikibana, simama, usijifanye mwanamume kama mimi. Na ukianguka, usiharakishe kuinuka kwa aibu. Lala kidogo, jihesabu mifupa, jigeuze upande, piga magoti, shika kitu, ndipo usimame. Siku ya dukani mimi niliruka juu haraka ili wale wanawake wasione, nikaanguka mara ya pili.

Siku ya kwanza usiende mbali. Shuka ngazi, gusa mlango, rudi. Hiyo nayo ni safari. Mimi kutoka nyuma ya pazia hadi langoni kulinichosha kuliko njia yote iliyobaki. Nurjamal ameniambia mlango ule una kizingiti cha chuma ndipo ulipoteleza, na kwamba wakipita hapo na wewe mkienda kwa daktari unafumba macho. Fumbua, Uulkan. Mwambie mkweo akimwagie mchanga, kisha ukikanyage kwa hasira.

Umri huu tumebaki wawili katika watoto sita wa mama. Mimi siwezi kuja Omsk kukushika mkono. Ningekuwa na uwezo ningekuja na kamba.

Nisalimie Nurjamal, na umwambie alivyolia kwenye simu alinitia hofu ya kweli, asirudie mpaka nife. Nisalimie mkweo, mpe heshima zake, hata kidogo. Watoto wote wabusu kwenye paji. Kalbubu anakusalimu, anasema atakutumia vidonge vya mtindi mkavu mtu akipatikana wa kuvileta. Zuurakan anakusalimu, anasema ile sketi hajakusamehe, kwa kuwa aliichana kwa furaha yako. Mungu akulinde usoni na kisogoni, akupe afya inayokutosha wewe na inayobaki kwa wengine, na theluji ya mwaka huu ikuyeyukie miguuni bila kukudhuru.

Jambo la mwisho, nalo ni haki yangu. Ulipokuwa na miaka sita ulilamba kwa kidole malai yote ambayo mama aliwawekea wageni. Mimi nikasema ni mimi, nikapigwa na upawa mpaka ukavunjika. Ulikuja nyuma ya zizi ukaniambia, "Kaka, siku moja utaniomba kitu, nami sitakataa." Miaka sitini na minne nimekaa kimya. Leo naomba. Nurjamal anasema langoni kwa jengo lenu hukaa bibi mmoja Mrusi anayeuza mbegu za alizeti za kukaanga, anazipima kwa glasi. Ninunulie glasi moja, uzifunge kwenye kitambaa, uniletee kwa njia ya posta. Ila uende wewe, kwa miguu yako. Usimtume Nurjamal, usimtume mjukuu. Na unapofika, muulize huyo bibi jina lake, uniandikie, maana sitaki kula mbegu za mtu nisiyemjua.

Nangoja hapa.

Kaka yako anayekupenda hata ukiwa mkaidi,
Asankojo